Tairi la Nyuma, Matongo hadi Issenye

Nianze na la aibu ili tusichoshane: lile tairi nililitoboa mwenyewe. Msumari ulilitoboa mara moja, mimi nikalitoboa mara nne. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya barabara, nimekaza meno, nasukuma chuma kwa uzito wa mwili wangu wote kama mtu anayejua anachofanya. Nyie mnaoniuliza mashineni na kisimani imekuwaje mtu atoke Matongo alfajiri afike Issenye kesho yake mchana, jibu linaanzia hapo. Nimeamua kuandika, maana nikisimulia kwa mdomo mnacheka kabla sijavuka Mto Mara.

Mimi si mtu wa safari, mnanijua. Nikienda Tarime mjini naaga kama naenda vitani. Pikipiki yangu inajua njia mbili tu, ya mashine ya kusaga na ya kanisani, na zote zinarudi nyumbani kabla chai haijapoa.

Safari hii haikukwepeka. Nyangi, binti wa dada yangu Ghati aliyeolewa Issenye, alikuwa ameposwa. Na kwa ukoo wetu, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka mjomba wa binti asimame mlangoni mwa zizi awatazame mmoja mmoja. Asiyemtaka anamgusa kwa fimbo, anarudi alikotoka. Aliyepita mlango amepita, hata awe anakohoa. Mjomba wa Nyangi ni mimi peke yangu. Hakuna wa akiba.

Mara ya kwanza walipoleta ng'ombe, mwezi uliopita, nilipiga simu nikasema mgongo unaniuma. Mgongo ulikuwa mzima, ni mimi ndiye sikuwa na hamu ya kutoka. Ng'ombe wakasimama juani nusu siku, wakageuzwa, Nyangi akalia siku mbili. Sasa mzee wa upande wa mwanamume alikuwa ametuma neno: "Tutasimama mpaka saa nane mchana. Ikipita, tunageuza, na mara ya tatu hatuji." Ghati naye akanipigia kuongeza lake.

"Kwenye lile kundi kuna ng'ombe wa jicho moja, Chacha. Wanataka kutubambikia. Huyo mguse kwa fimbo."

"Nimesikia, dada."

"Ukimwacha apite, chakula changu usikiguse. Na usipofika kabisa, usije hata kwenye msiba wangu."

Basi nikaondoka siku moja kabla, ili niwe na nafasi. Nilifunga jogoo nyuma ya pikipiki, zawadi ya dada, na fimbo ya kukagulia ng'ombe nikaibana ubavuni. Mke wangu alisimama mlangoni akitikisa kichwa. Alisema nitafika mapema mpaka nitaboreka.

Kemambo: chuma na kamba

Msumari ulinikuta huku Kemambo, kwenye mteremko, mashamba ya mihogo kulia na kushoto na hakuna mtu. Nyuma kukaanza kucheza kama kiuno cha mcheza ngoma. Nikasimama, nikaona kichwa cha msumari kinang'aa kwenye tairi, na nitasema ukweli: nilifurahi. Nilikuwa na kifurushi.

Kifurushi chenyewe nilikinunua Tarime sokoni miezi mingi nyuma, na tangu siku ile nilikuwa nasubiri pancha kama mtu aliyenunua mwavuli anavyosubiri mvua. Ndani kulikuwa na chuma chenye ncha na mpini, chuma kingine chenye tundu kama sindano ya kushonea magunia, na kamba nyeusi fupi zinazonata kama ulimbo. Muuzaji alisema, "Hii hata tairi hufungui. Unatoboa, unapachika kamba, unajaza upepo, unaondoka." Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya mzungu anafanya hivyo hivyo huku anatabasamu.

Nikang'oa msumari. Nikachoma kile chuma kupanua tundu, kama kwenye picha. Nikapachika kamba. Nikajaza upepo kwa pampu. Ukatoka wote. Nikadhani nimekosea pembe, nikachoma tena pembeni kidogo. Kamba ya pili. Upepo ukatoka kwa kasi zaidi, sasa hadi kwa sauti. Sikuelewa. Yule mzungu wa kwenye picha alikuwa bado anatabasamu. Nikachoma ya tatu, nikachoma na ya nne, na nilikuwa naitafuta ya tano pale bodaboda mmoja aliposimama, pikipiki yake imebeba kreti za soda.

"Mura," aliniita, yaani kijana kwa lugha yetu, "unachinja?"

"Naziba pancha."

Akashuka taratibu, akainama, akatazama kamba nne zimechomoza kwenye tairi kama manyoya ya ngiri. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye tairi.

"Baba, hilo tairi lina tyubu ndani?"

"Tairi gani halina tyubu?"

Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, akashika tumbo. Alipomaliza kucheka, na hakumaliza haraka, alinieleza. Kuna matairi yasiyo na tyubu, kama ya magari madogo. Hayo upepo unakaa kwenye tairi lenyewe, na kamba zile ni zao. La kwangu upepo unakaa kwenye tyubu. Kila nilipochoma tairi, nilichoma na tyubu, kisha nikaziba tairi vizuri sana na tyubu nikaiacha wazi.

"Yaani nyumba inavuja wewe unaziba ua," alisema.

Jina lake Marwa. Akafungua gurudumu kwa spana zangu, akabandua tairi, akavuta tyubu nje. Alibandika viraka vitano kwa gundi yake ya solusheni, mkono mwepesi kama wa mama anayepika chapati, huku anarudia "unachinja" peke yake na kucheka upya. Soda za watu zilikuwa zinangojewa, kwa hiyo tyubu ilipokauka alisema, "Rudisha mwenyewe, si umeona? Rudisha kama ilivyokuwa," akaondoka.

Nilirudisha. Tyubu ndani, tairi juu, nati zote. Chini kukabaki utepe mmoja wa mpira, mduara mwembamba. Niliufikiria kidogo. Nikaona ni kifungashio cha kiwandani, kile wanachofungia vitu visitawanyike, na kwa kuwa kamba ya jogoo ilikuwa imelegea, nikamfungia miguu kwa ule utepe. Ulivutika vizuri sana. Jogoo akatulia. Nikajisifu.

Darajani: fundi wa watu

Nilivuka Mto Mara salama, na sikupiga hata kilomita mbili tairi likalala tena. Sikuona msumari. Nilipapasa tairi zima kwa kiganja, hakuna mwiba, hakuna chupa. Nikajaza upepo, nikaenda, likalala. Nikajaza, nikaenda, likalala. Nilipofika mahali palipo na vibanda vitatu na mama wa Kijaluo anayeuza samaki wa kukaanga nilikuwa nimeshakuwa mtumwa wa pampu.

Nikafungua gurudumu mwenyewe, kwa kuwa nilishaona. Nikatandaza vitu vyangu kwenye gunia: spana, pampu, vyuma vya kubandulia tairi, zile kamba zilizobaki. Huo mtandazo ndio ulioniponza. Kufumba na kufumbua, mwanamume mmoja akaegesha baiskeli mbele yangu.

"Fundi, habari ya kazi. Niangalizie hii ya mbele."

Nilitaka kusema mimi si fundi. Lakini alikuwa ameshaketi, na alinitazama kwa heshima ambayo sijaipata tangu nimalize kidato cha nne. Nikasema, "Iweke hapo." Nikatoa tyubu ya baiskeli yake, nikaitia kwenye ndoo ya mama wa samaki, nikaona mapovu, nikaziba kwa kiraka alichokuja nacho mwenyewe. Ikakaa. Nawaambia ikakaa! Akapanda, akazunguka vibanda mara mbili, akarudi na vipande viwili vya samaki amenilipia. Baada yake akaja mwingine. Baada ya huyo akaja mwalimu mmoja mwenye pikipiki, na yeye nilimtoa msumari bila shida yoyote.

Ya kwangu ikagoma. Niliziba tundu, nikarudisha, likalala. Wateja wangu wakakusanyika kunisaidia kuelewa.

"Ni jua," alisema wa baiskeli. "Upepo ukipata moto unatafuta njia."

"Ni solusheni ya zamani," alisema mwalimu.

"Ni huyo jogoo," alisema mama wa samaki bila kuinua macho kwenye karai. "Ana mkosi. Angalia anavyokutazama."

Nikamtazama jogoo. Kweli alikuwa ananitazama.

Kila mmoja alinipa shauri na kila shauri nililifuata. Nililaza pikipiki kivulini upepo upoe. Nikabadilisha solusheni. Nikamhamishia jogoo mbele. Ghati akapiga simu, "Uko wapi?" nikajibu "Nakaribia," maana hata mtu aliye nyumbani kwake amevaa taulo hujibu hivyo. Jua likawa linashuka. Nilisukuma pikipiki kipande kirefu, nikabebwa kipande kingine na lori la mchanga, nikaingia Mugumu nikiwa sijui kama mimi ni msafiri au ni fundi aliyekimbia wateja. Nikalala.

Mugumu: tumbo na mgongo

Asubuhi nikaulizia fundi, nikaelekezwa kwa Mzee Shabani, baba mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa anakunywa kahawa. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumimina yote: msumari, kamba, viraka, jua, jogoo. Akanyoosha mkono, nikanyamaza.

"Kunywa kahawa kwanza."

"Mzee, saa nane ng'ombe wanageuzwa Issenye."

"Na sasa ni saa moja na nusu. Kunywa."

Nikanywa. Yeye akavuta tyubu nje polepole, akaijaza upepo, akaipitisha kwenye beseni la maji kipande kwa kipande. Mapovu yakatoka. Hakuziba. Aliishika vile vile akanisogezea.

"Tundu liko tumboni au mgongoni?"

Sikujua tyubu ina viungo.

"Mgongo unatazama barabara," alisema. "Tumbo linatazama rimu. Mwiba na msumari vinachoma mgongo. Wewe mgongoni una viraka vitano, vyote vimeshika vizuri, aliyeviziba ana mkono. Lakini haya ya jana yote yako tumboni. Sasa niambie, bwana mdogo, barabara imekuchomaje tumboni?"

Akapitisha kidole ndani ya rimu, akakisimamisha, akanishika mkono akanipitishia cha kwangu pale pale. Vichwa vya spoki vilikuwa vimechomoza, vikali kama meno ya mbwa mdogo.

"Hapa panakaa utepe wa mpira. Unafunika vichwa hivi visiguse tyubu. Wako uko wapi?"

Macho yangu yakakimbilia mlangoni. Ndipo yeye mwenyewe akageuza shingo, akatazama nje nilikomlaza jogoo. Aliitazama ile miguu kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Subhanallah," alisema.

Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Alitoka mwenyewe, akamfungua jogoo kwa upole, akamfunga kwa kitambaa, akaurudisha utepe ndani ya rimu. Tyubu akaisukuma pembeni kwa mguu, akasema hiyo sasa ni viraka vinavyoshikana mikono, akanitilia mpya. Akanipa na kikopo cha solusheni, kipande cha msasa na viraka. Zile kamba zangu za kunata aliziomba, akasema atazibia pipa.

"Ya zamani utaibeba?" aliniuliza. "Tyubu mbovu njiani ni bora kuliko hakuna."

Nikasema hapana. Nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha, sikutaka kuonana nayo tena. Hilo lilikuwa kosa la tatu, au la nne, mimi hesabu ilishanipotea.

Mbele ya Nata: mama wa majani

Mpaka Nata nilikwenda kama bwana mkubwa. Nilifika saa tano, nikajiona nina muda wa kumwaga, nikala wali maharage nikaagiza na chai. Ghati akapiga: ng'ombe wameshafika, wamesimama nje ya zizi tangu asubuhi, hawajala wala kunywa, maana kwa desturi hawalishwi wala hawanyweshwi mpaka wapokelewe.

"Yule wa jicho moja yupo?"

"Yupo mbele kabisa, wamemsimamisha mbele makusudi! Uko wapi?"

"Nakaribia."

Safari hii ilikuwa kweli, na ndiyo maana nikakimbiza. Kwenye njia ya mkato kuelekea Issenye kulikuwa na tawi la mgunga limedondoka kutoka mkokoteni wa mtu, wale wanaobeba miiba ya kuzungushia boma. Nilipita juu yake. Nilisikia nyuma panalegea, na hapo, wenzangu, badala ya kusimama, nilitazama saa. Saa sita na nusu. Nikasema nitabana hivyo hivyo, upepo kidogo bado upo. Nikaenda na tairi laini mpaka lilipokuwa linajikunja chini ya rimu, ndipo likatoa sauti kama mtu anayetema mate, na nikasimama.

Nilifungua, nikiwa na kila kitu cha Mzee Shabani mkononi. Tundu la mwiba nililiona, dogo, mgongoni, halali kabisa. Hilo ningeliziba. Lakini kwa kuendesha tairi tupu, tyubu ilizunguka ndani na mdomo wake wa kujazia upepo ukang'oka wote na mizizi yake. Hakuna kiraka cha mdomo. Nilijaribu kufikiria nikajikuta nimeketi tu, nimeshika kile kidomo kwenye kiganja kama jino.

Karibu na hapo kuna kijito, na mama mmoja alikuwa anakata majani mabichi ya ndama wake. Alikuwa amenitazama tangu mwanzo bila kusema. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Kushangaa."

Nikamweleza kwa ufupi: mjomba, ng'ombe, saa nane. Akauliza saa ngapi sasa. Saa saba kasoro. Akatupa mundu, akakumbatia mzigo wake wa majani, akaja akaumwaga miguuni pangu.

"Jaza."

"Nijaze nini?"

"Tairi. Jaza majani. Huku porini sisi tyubu tunazisikia kwenye redio."

Nilidhani ananitania. Alikuwa ameshapiga magoti, anakunja majani kama mtu anayesuka kata ya kubebea ndoo, anayashindilia ndani ya tairi kwa fimbo yangu. Ile fimbo ya ukoo, ya kukagulia ng'ombe. "Usiweke kama unapanga maua," alinigombeza. "Shindilia! Kaza! Tairi lisibonyee." Tulishindilia mpaka mikono ikawa ya kijani. Ilipofika kufunga, tairi lilikuwa gumu kama gunia la mahindi, na nywele za majani zimechomoza pande zote mbili.

"Nenda polepole," alisema. "Ukikimbia yatatoka. Ukisimama-simama yatatoka. Nenda tu."

Sikuwa na namna ya kumshukuru, ndama wake walikuwa wamekosa chakula kwa ajili yangu. Nikamfungua jogoo nikampa. Akampima kwa mkono mmoja.

"Huyu mzuri. Mbona amenuna?"

"Amesafiri na mimi," nikasema.

Issenye: mlangoni mwa zizi

Nilitembea mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa. Nyuma panayumba, majani yanachomoza na kudondoka shada kwa shada, na watu wanasimama mashambani kunitazama. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro dakika kumi. Saa nane ilipogonga nilikiona kilima cha kwa Ghati, nikaona na vumbi: kundi lilikuwa limeanza kugeuzwa. Mzee wa upande wa mwanamume alikuwa ameshainua fimbo yake juu. Nyangi alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, kitenge kimefunika mdomo.

Nikapiga honi. Nikapiga tena. Yule mzee akashusha fimbo.

Mpango wangu ulikuwa huu: nifike, nizime, nishuke kwa heshima, nijisimamishe mlangoni, nitoe fimbo. Lakini breki ya nyuma ilikuwa imejaa majani. Na wale ng'ombe, mkumbuke, hawakuwa wamekula tangu jana, na ni kiangazi, nami nilikuwa nawapitia ubavuni na gurudumu zima la majani mabichi ya mtoni.

Yule wa mbele ndiye alinusa kwanza. Akanyoosha shingo, akauma shada moja, akavuta. Nikahisi pikipiki inarudishwa nyuma. Nikaongeza mafuta ili nimtoroke. Yeye akaongeza miguu. Nikageuka kumfukuza, na nikatazamana na jicho moja.

Ningegeuza wapi? Kulia umati, kushoto ua wa miiba, mbele mlango wa zizi uko wazi. Nikaingia humo. Wa jicho moja akaingia nyuma yangu akitafuna. Wengine wakamwona mwenzao anatafuna, wakaja wote kwa kusukumana, pembe kwa pembe, mpaka zizi likajaa nami nikiwa katikati, nimeegemea ukuta wa miti, pikipiki imelala, tairi linaliwa.

Nilisikia tu kutafuna.

Halafu wote wakasema kwa pamoja. Upande wa mwanamume wakasema ng'ombe wamepokelewa, wamo ndani. Upande wetu wakasema hawajapokelewa, mjomba hakusimama mlangoni. Mmoja akasema mjomba alipita mlangoni. Mwingine akajibu kupita si kusimama. Shemeji yangu, mume wa Ghati, mtu mpole, alikuwa anatazama huku na huku kama anayeangalia mpira. Ghati akafika kwenye ua, akanong'ona kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia.

"Chacha! Umemgusa?"

"Fimbo iko chini ya ng'ombe, dada."

Yule mzee wa upande wa mwanamume akainua mkono, watu wakanyamaza. "Mimi nimeoza watoto wengi," alisema. "Nimeona wajomba wanaosimama mlangoni kutuhesabia makosa. Sijaona mjomba anayekuja na majani kutoka mbali awaite ng'ombe yeye mwenyewe, na aanze na yule tuliyekuwa na wasiwasi naye. Kama huku si kupokea, basi sijui kupokea ni nini."

Nilifungua mdomo. Kwa kweli sikuwa nimeamua nitasema nini. Nilimwona Ghati ananikazia macho, ambayo maana yake ilikuwa kataa. Nikamwona Nyangi nyuma yake, kitenge ameshakishusha, hapumui. Nikakumbuka mgongo wangu wa uongo wa mwezi uliopita.

"Nimepokea," nikasema. "Na huyu wa jicho moja nimempokea wa kwanza."

Nyangi ndiye aliyepiga kigelegele, kabla ya akina mama, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Wakamfuata. Zogo likageuka sherehe, na sikuona mpaka ulikuwa wapi. Mbuzi akachinjwa, kichuri kikapikwa, ule mchuzi wetu mchungu wa utumbo na nyongo, nikaletewa bakuli na dada yangu mwenyewe. Aliliweka mbele yangu kwa kishindo. Alikuwa ameapa nisiguse chakula chake, sasa akasimama kuhakikisha nakimaliza. Mpaka leo sijajua kama nilisamehewa au nilikuwa naadhibiwa.

Matongo tena

Nilirudi kwa basi, pikipiki imefungwa juu, na tairi lake tupu limelambwa safi. Wa jicho moja, Ghati amenipigia jana, ana mimba na anakaribia kuzaa, ndiyo maana walikuwa wanamsimamisha mbele. Walikuwa wanajivunia, si kuficha. Au ndivyo wanavyosema sasa. Nyangi anaolewa baada ya mavuno. Mimi bado najiuliza nilikagua nini.

Jioni ile niliyofika, mliokuja mlikaa uani kwangu mkanisikiliza mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mlisema nimefanya la maana, mlisema damu ni damu, na mimi nikaanza kuamini. Mama Mwita wa nyumba ya pili alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo wakati wote huo na hakuwa amesema neno. Akapukuchua gunzi la mwisho, akalitupa, akainuka akajikung'uta.

"Kwa hiyo kazi yote ya mjomba imefanywa na majani," alisema. "Basi mdogo wake Nyangi akiposwa usisumbuke, Chacha. Tutapakia mzigo mmoja kwenye bodaboda, utatosha."